Mtu Aliyejiita Mwanafunzi

Kila aliyepita kozi ya utafiti wa elimu hapa chuoni ameshakutana naye, hata kama hajui. Yuko kurasa za mwisho za kitabu, kwenye lile jedwali la namba ndogondogo tunalolifungua usiku wa kuamkia mtihani: jedwali la t. Juu yake pameandikwa Student, yaani mwanafunzi. Mimi mwaka wa kwanza nilidhani ni jedwali lililorahisishwa kwa ajili yetu, na kwamba maprofesa wana la kwao. Msinicheke. Nimeuliza bwenini, na sikuwa peke yangu.

Kumbe Student alikuwa mtu. Jina lake ni William Sealy Gosset, na nilimfahamu vizuri nikiwa BTP Tanga. Naandika habari zake kwa sababu kuna kosa nililifanya kule ambalo yeye alikuwa ameshalieleza tangu mwaka 1931.

Nilipangiwa shule moja ya sekondari mjini, kidato cha tano, tahasusi ya PCB, nifundishe BAM. Mada: takwimu. Wanafunzi 46. Wiki ya kwanza niliwafundisha kama nilivyofundishwa mimi: fomula ubaoni, mfano mmoja, zoezi. Wakatafuta wastani, wakatafuta mkengeuko sanifu hadi desimali tatu, safi kabisa. Nikawauliza ile namba inasema nini juu ya watu waliopimwa. Kimya. Aliyewahi kushika chaki anakijua kimya hicho.

Basi nikaanza kuwasimulia habari za Gosset, dakika tano tano mwishoni mwa kipindi.

Alizaliwa Canterbury, Uingereza, mwaka 1876. Baba yake alikuwa kanali katika kikosi cha wahandisi wa jeshi, na kijana alitaka kumfuata huko, ila macho yake mabovu yakamkosesha nafasi. Akaenda Oxford akasoma hisabati na kemia. Mwaka 1899 akaajiriwa na Guinness kule Dublin, Ireland, kiwanda cha bia kilichokuwa kikubwa kuliko vyote duniani wakati huo.

Hapo nikasita. Zaidi ya nusu ya darasa langu ni watoto wa Kiislamu, na mimi ni mgeni kwenye mji wa watu. Nitasimamaje mbele yao kumsifia mtu wa pombe? Jioni ile nikamweleza mama mdogo, ambaye ndiye aliyenipokea kwake Ngamiani na anauza maandazi asubuhi. Alikuwa anakanda unga. Akataka kujua huyo bwana humo kiwandani alikuwa anafanya kazi gani hasa. Nikamwambia kazi yake mojawapo ilikuwa kuhesabu hamira kwa darubini. Mama mdogo akaliangalia beseni lake, unga umeshaanza kuumuka, akasema huyo basi ni fundi mwenzake, niende tu nikafundishe.

Na kweli alihesabu hamira. Hamira ni viumbe hai, na kiwanda kilipaswa kujua kimetia kiasi gani, maana ikizidi au ikipungua pipa zima linaharibika. Fundi alichukua tone, akaliweka kwenye kioo chenye vimraba vidogo, akahesabu chembe moja moja. Lakini tone si pipa. Tone la pili linatoa hesabu nyingine, la tatu nyingine tena. Gosset alitaka kujua hesabu ya tone inaweza kuwa mbali kiasi gani na ukweli wa pipa, na mwaka 1907 akachapisha makala juu ya jambo hilo.

Shida yake kubwa zaidi ilikuwa shayiri. Ukitaka kujua mbegu ipi ni bora, lazima uipande kwenye mashamba, usubiri mavuno, upime. Unapata mashamba manne, au sita, au kumi ukiwa na bahati. Wataalamu wa takwimu wa siku zile walikuwa na vipimo vya mamia na maelfu, na hesabu zao zilitegemea wingi huo. Ukienda kwao na namba nne walikuona hujafanya kazi. Kwetu Tanga hili halihitaji maelezo mengi. Mkonge wote tunaouona kutoka Pongwe hadi Ngomeni ulianza na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida, na mwaka 1893 ikafika hai 62. Ukiwa na miche 62 huwezi kumwambia mtu asubiri ifike elfu ndipo uamue.

Guinness walimpa ruhusa ya kwenda kusoma, na kati ya 1906 na 1907 alikaa London kwenye maabara ya Karl Pearson, bingwa wa takwimu wa zama hizo. Pearson alimsaidia sana, lakini habari ya sampuli ndogo haikumshughulisha. Gosset akaifanya mwenyewe. Hakuwa bingwa wa hisabati ngumu, alikuwa mkemia. Akapata fomula yake, sehemu kwa hesabu na sehemu kwa kubahatisha kwa akili, kisha akafanya jambo ambalo mimi ndilo lililonifanya nimpende: akaijaribu kwa mikono.

Alichukua vipimo vya wafungwa 3,000, urefu wao na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, vilivyokuwa vimeshachapishwa. Akaviandika kwenye vipande 3,000 vya karatasi ngumu, akavichanganya mpaka vikachanganyika, akavitoa vinne vinne. Sampuli 750. Kwa kila sampuli akatafuta wastani na mtawanyiko, bila kompyuta, bila hata kalkuleta hii ya shilingi elfu kumi. Kisha akalinganisha na fomula yake. Zikaelekeana.

Nikasema kama yeye aliweza 3,000, sisi 46 hatushindwi. Kesho yake nikaingia na maboksi ya juisi yaliyokatwa vipande na rula tatu. Tukapima vidole vya kati vya mkono wa kushoto, kelele tupu, mwalimu wa darasa la pili akachungulia dirishani kuona kama kuna ugomvi. Tukachanganya vipande ndani ya ndoo, kila kikundi kikatoa vinne, kikatafuta wastani, kikaurudisha ubaoni. Wastani zile zikarukaruka, hakuna mbili zilizolingana. Wakanituhumu kwamba ndoo ina matatizo. Tukarudia, wakatoa vipande kumi na sita badala ya vinne, na wastani zikasogeleana. Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye huja kwa baiskeli kutoka Pongwe na ambaye alikuwa hajafungua mdomo wiki nzima, akaeleza kwamba kumbe ule mkengeuko si hesabu ya watu, ni hesabu ya kutoaminiana na ndoo. Nimesoma vitabu vitatu vya takwimu na hakuna kilichonieleza vizuri hivyo.

Makala yenyewe ilitoka mwaka 1908 katika jarida la Biometrika, wakati reli ya Tanga ikiwa bado haijafika Moshi. Guinness hawakutaka wafanyakazi wao wachapishe, kwa kuogopa siri za kiwanda kuvuja, hivyo wakamruhusu kwa sharti kwamba asitumie jina lake. Akatia Student. Kwa karibu miaka thelathini mtu mzima huyu, mwenye mke, watoto watatu na cheo kiwandani, aliandika kama mwanafunzi.

Na makala haikupokelewa kwa vigelegele. Miaka ikapita karibu bila mtu kuijali. Aliyeiona thamani yake alikuwa kijana wa Cambridge, Ronald Fisher, ambaye mwaka 1912 alimwandikia Gosset na kumpelekea uthibitisho kamili wa fomula. Fisher alikuwa na miaka 22, umri wangu, tuliache hilo. Gosset hakuuelewa uthibitisho ule. Hakujidai. Aliupeleka kwa Pearson na kukiri kwamba umemshinda, akimwomba autazame. Baadaye Fisher ndiye aliyeigeuza kidogo hesabu ile ikawa hii t tunayoijua, na kuieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1925. Pearson na Fisher walikuja kuchukiana chuki ya kudumu, na katikati yao alikuwepo Gosset, rafiki wa wote wawili, mpenda bustani na uvuvi, anayeandikiana barua na kila upande.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwaka 1930, huko Lanarkshire, Uskoti, lilifanyika jaribio kubwa la maziwa shuleni. Watoto 20,000. Nusu walipewa maziwa kila siku, chini kidogo ya nusu lita, kuanzia Februari hadi Juni, na nusu hawakupewa. Wote walipimwa uzito na urefu mwanzo na mwisho. Ungesema nani atabisha namba kubwa namna hiyo? Gosset alibisha mwaka uliofuata. Aligundua kwamba watoto wa kundi lisilo na maziwa walikuwa wakubwa na wazito zaidi tangu siku ya kwanza. Sababu ni walimu. Mgawanyo ulianza kwa kura au kwa alfabeti, lakini pale kundi lilipoonekana kutokaa sawa waliruhusiwa kubadilisha watoto, na mwalimu gani ataona mtoto amekonda halafu amwache bila maziwa? Wakawasogeza wanyonge upande wa maziwa, kwa nia njema kabisa. Tena watoto walipimwa na nguo zao. Februari ni baridi, Juni ni joto, na mtoto wa maskini hana koti la kuvua, kwa hiyo hata mizani ilidanganya kwa namna tofauti kwa matajiri na maskini. Gosset akasema jozi 50 tu za pacha wa kufanana, mmoja anywe na mwenzake asinywe, zingetoa jibu la kuaminika kuliko maelfu yale, na kwa gharama ndogo sana.

Nilisoma habari hiyo usiku, kwa tochi ya simu, umeme ukiwa umekatika, na nikakaa kitandani.

Kwa sababu mimi nilikuwa na Lanarkshire yangu. Tangu wiki ya pili nilikuwa nafundisha kipindi cha ziada alasiri, bure, kwa wanafunzi 11. Niliwachagua kwa macho: wanaosinzia, wanaoogopa hisabati, wanaotoka mbali, msichana wa Pongwe akiwemo. Baada ya jaribio la pili mkuu wa idara akalinganisha wastani. Wangu 11 walikuwa chini ya wale 35. Akaona kipindi hakisaidii kitu, kinachukua darasa ambalo lingetumiwa na kidato cha nne, na akanitaka nikifunge wiki inayofuata. Na mimi nilikuwa karibu kukubali, kwa aibu, maana namba si ndizo zile?

Nikarudi kwenye daftari la alama. Nikatafuta jozi, kama pacha wa Gosset ila wa kuokoteza: kila mwanafunzi wa alasiri na mwenzake asiyehudhuria aliyepata alama sawa, au tofauti ya moja, kwenye jaribio la kwanza. Nikapata jozi saba. Wanne waliobaki hawakuwa na wa kufanana naye. Tofauti zao kwenye jaribio la pili, wa alasiri kutoa mwenzake, zilikuwa 6, −3, 9, 2, −4, 11 na 0. Wastani 3 upande wangu. Nilifurahi kama dakika mbili. Kisha nikakokotoa t, ikatoka 1.36, na jedwali kwa jozi saba linadai izidi 2.447 kabla hujasema lolote. Yaani alama tatu zile zingeweza kabisa kuwa ndoo inarukaruka.

Vishawishi vilikuwepo. Mkuu wa idara asingekagua jedwali la t. Ningempa ile 3 peke yake na kipindi kingeendelea. Au ningeiacha jozi ya −4, ambayo yule mwanafunzi aliumwa malaria siku mbili kabla ya jaribio, sababu nzuri tu ipo. Ripoti niliyoandika ilisema mambo mawili: kwamba ulinganisho wa kwanza haukuwa wa haki kwa sababu mimi mwenyewe niliwachagua kwa huruma, na kwamba kwa jozi saba siwezi kusema kipindi kinasaidia wala hakisaidii. Nikaomba wiki nne nyingine. Mzee yule akaisoma akiwa amesimama, akauliza hiyo huruma niliipima kwa rula gani, halafu akakubali, ila safari hii wachaguliwe kwa kura na yeye awepo.

Gosset alihamia London mwaka 1935 kusimamia kiwanda kipya cha Guinness, na mwaka 1937 akapewa cheo cha mkuu wa utengenezaji. Muda mfupi baadaye, Oktoba, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 61.

Kura tuliipiga Jumatatu, kwa vipande vilevile vya boksi la juisi, nyuma ya vidole. Msichana wa Pongwe hakutoka. Alasiri saa tisa na nusu nikamkuta amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye usukani wa baiskeli, haingii wala haondoki. Nikamwambia aegeshe baiskeli aingie. Kisha nikafungua daftari, na mbele ya jina lake nikaandika kwamba amekuja bila kura, asihesabiwe.