Janani Luwum: Askofu Aliyewaulizia Waliobebwa

Wapendwa, tunapowaombea wanaoteswa kwa ajili ya Jina la Yesu, mimi humkumbuka Janani Luwum wa hapa jirani, Uganda. Alizaliwa 1922 kule Mucwini, upande wa Kitgum, akawa mwalimu, akaokoka 1948 wakati wa uamsho. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu. Ndiyo, alikuwa Mwanglikana, lakini huyo ni ndugu yetu kabisa.

Siku za Idi Amin watu walikuwa wanabebwa na hawarudi. Kinachonigusa zaidi si kifo cha Luwum. Ni kwamba watu wakishikwa, alienda mwenyewe mpaka ofisi za majasusi kuomba waachiliwe. Jamani, nani alikuwa anaingia pale kwa hiari?

Februari 1977 askari walivamia nyumba yake usiku wakitafuta silaha. Hawakupata kitu. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua, wakalalamika waziwazi. Tarehe 16 akauawa. Serikali ikasema ni ajali ya gari, lakini kule kwao jeneza lilipofunguliwa watu waliona matundu ya risasi.

Waganda wengi wakakimbilia huku Kenya. Askofu Festo Kivengere na mkewe walipita milimani kwa miguu, usiku, wakaingia Rwanda. Baadaye akajitoa kuwasaidia wakimbizi wenzake.

Wakimbizi bado tuko nao. Kama kuna familia katika ushirika wenu wa nyumbani iliyokimbia kwa sababu ya imani, watembeleeni wiki hii, mjue wanakula nini, na ni nani wao aliyebaki nyuma.