Einstein na Urani ya Kongo



Naomba nafasi nimweleze Albert Einstein, ambaye wengi tunamjua kwa nywele zake timutimu tu. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1879, na mwaka 1933 akahamia Marekani kuwaepuka Manazi waliowatesa Wayahudi wenzake. Sisi wa Ulyankulu, tuliopokea wakimbizi wa Burundi mwaka 1972, jambo hilo hatuhitaji kufafanuliwa.

Mwaka 1939 mwanasayansi Leo Szilard alimwendea kwa vile alifahamiana na Malkia wa Ubelgiji. Walihofu urani ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, isije ikauzwa kwa Hitler. Hatimaye Einstein alimwandikia Rais Roosevelt wa Marekani. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, Agosti 6, 1945, ilitoka Shinkolobwe, Katanga. (Wachimbaji wake husahauliwa mno!) Einstein hakushiriki kulitengeneza, lakini aliijutia barua ile.

Aprili 1955, siku chache kabla ya kufariki, alitia sahihi tamko la Bertrand Russell la kuzionya serikali juu ya vita vya nyuklia. Kutokana na tamko hilo, wanasayansi wa kambi zote mbili, Mashariki na Magharibi, walikutana Pugwash, Kanada, mwaka 1957. Mazungumzo yao yalisaidia kupatikana mkataba wa 1963 uliopiga marufuku kujaribu mabomu hayo angani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ulyankulu, Tabora.