Ciamician: Msomi aliyeona kuni za kesho katika miale ya jua

VIWANDA vya majanichai katika nchi inayozunguka Chepilat, mpakani mwa Bomet na Nyamira, hutegemea kuni. Boila hulishwa magogo ili mvuke wake ukaushe majani. Juu ya mashamba hayo hayo huwaka jua lenye nguvu tele, ila halihifadhiki ghalani lingojee usiku.

Kitendawili hicho ndicho alichojitolea kukitegua mwanakemia wa Italia, Giacomo Ciamician, zaidi ya karne moja iliyopita.

Alizaliwa Agosti 27, 1857 mjini Trieste, wakati huo chini ya himaya ya Austria, katika familia yenye asili ya Armenia. Alisomea Vienna, akapata shahada ya uzamifu Giessen, Ujerumani, mwaka wa 1880, kisha akafanya kazi Roma chini ya Stanislao Cannizzaro. Mwaka wa 1889 alikuwa profesa mjini Bologna, alikodumu hadi kifo chake.

Huko, akishirikiana na Paul Silber, alijaza chupa za kioo michanganyiko ya kemikali, akazipanga juu ya paa na kuliachia jua kazi. Wawili hao walibainisha kuwa mwanga wenyewe, wala si joto, ndio uliozaa mabadiliko.

Septemba 1912 alihutubia wanakemia jijini New York. Aliwakumbusha kuwa makaa ya mawe ni jua la kale lililozikwa, na kwamba binadamu anatapanya urithi usiorudi. Aliamini kuwa kwa vichocheo vinavyofaa, maji na hewa ya kaboni vingegeuzwa kuwa gesi ya kuwasha, na nchi kame zingekuwa na viwanda visivyo na moshi.

Vita Vikuu vya Kwanza vilizuka miaka miwili baadaye, na mafuta ya petroli yakatawala. Ciamician alipendekezwa mara tisa kwa tuzo ya Nobel asiipate. Alifariki Januari 2, 1922.

Nusu karne baadaye, mwaka wa 1972, Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walitumia titani dioksidi, madini meupe yatiwayo katika rangi za nyumba, kutenganisha maji kwa mwanga. Mwanga huamsha elektroni ndani ya kichocheo. Hizo huzalisha haidrojeni, na nafasi zinazoachwa huvuta oksijeni kutoka kwa maji. Haidrojeni ikichomwa, hurudi kuwa maji.

Hata hivyo, safari ni ndefu. Mwaka wa 2021, paneli za ukubwa wa mita mraba 100 nchini Japani zilibadilisha asilimia 0.76 pekee ya nishati ya jua kuwa haidrojeni. Kenya nayo ilizindua mkakati wake wa haidrojeni Septemba 2023, ukilenga kutumia umeme kuitoa majini, hasa kwa kutengenezea mbolea, ambayo mkulima wa majanichai huihitaji kila mwaka.

Hadi kichocheo bora kipatikane, shoka litaendelea kulia katika mashamba ya mikalitusi, na swali la Ciamician litabaki likisubiri jibu.