Kikulacho ki Nguoni Mwako: Maisha ya Marie Curie

Muhula uliopita nilivunjika mkono uwanjani nikapelekwa kupigwa picha ya eksrei. Mhudumu alinivisha aproni nzito ajabu, akaniambia nisitikisike, kisha yeye akaenda kusimama nyuma ya ukuta. Nikajiuliza, kama hakuna ubaya, mbona anajificha? Swali hilo ndilo lililonifikisha kwa mama huyu.

Maria Skłodowska alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 mjini Warsaw, Poland, nchi iliyotawaliwa na Warusi. Mamake alifariki kwa kifua kikuu Maria akiwa na miaka 10 tu, na chuo kikuu cha mji huo hakikupokea wasichana. Je, alikata tamaa? Thubutu! Alifundisha watoto wa matajiri majumbani mwao, akamsaidia dadake kusomea udaktari Paris, naye akamfuata mwaka wa 1891. Alipata digrii ya fizikia 1893 na ya hisabati 1894. Mwaka wa 1895 aliolewa na mwanasayansi Pierre Curie.

Mwaka wa 1898 wawili hao walitangaza elementi mbili mpya: poloniamu, iliyopewa jina la nchi ya Marie, na radiamu. Kuitenga radiamu hakukuwa lelemama. Ndani ya banda bovu, Marie alichemsha na kukoroga matani ya mawe ya madini, hadi mwaka wa 1902 alipopata sehemu moja ya kumi ya gramu. Usiku iling'aa gizani, nao wakafurahi kama watoto. Walitembea na vichupa vyake mfukoni! Pierre aliifunga mkononi makusudi, ikamwachia kidonda. Vidole vya Marie navyo vikachubuka. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1903 pamoja na mumewe na Henri Becquerel. Mwaka wa 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi akafa. Marie alijikaza, akapata tuzo ya pili 1911. Vita vilipozuka 1914, alitengeneza magari ya eksrei ili madaktari waone vyuma vilivyokwama miilini mwa askari. Bintiye Irène, wa rika letu, miaka 17, alimsaidia. Kinga yao ilikuwa duni.

Tarehe 4 Julai 1934 Marie alifariki akiwa na miaka 66. Uboho wa mifupa yake ulikuwa umeshindwa kutengeneza damu. Irène naye alikufa kwa saratani ya damu mwaka wa 1956. Hadi leo madaftari ya Marie huwekwa katika masanduku ya madini ya risasi, kwani radiamu huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu.

Miale hii haionekani, hainuki, wala haiumi papo hapo. Sasa namwelewa yule mhudumu. Mimi nilipigwa picha mara moja, kwa miale kidogo, na mkono ukaungwa vyema. Yeye yumo humo kila siku, mwaka nenda mwaka rudi, na haba na haba hujaza kibaba. Basi wenzangu, daktari akiagiza eksrei, tusiogope, asipoagiza, tusiiombe. Na mkiingia maabara, vaeni kinga hata kama mwalimu hatazami. Karo ya somo hili Marie alishatulipia, tena kwa uhai wake.