Babe Ruth: Dogo aliyeshindikana Baltimore, akafundwa na bruda

Kila shabiki wa soka anajua kuna wachezaji waliotoka akademi kubwa, na kuna waliookotwa mtaani wakipiga chandimu. George Herman Ruth, jina kubwa kuliko yote katika historia ya besiboli, hakuwa wa akademi, na hata mtaani hakukaa sana. Alitoka nyuma ya ukuta wa shule ya watoto walioshindikana.

Alizaliwa Februari 6, 1895 mjini Baltimore, jimbo la Maryland, Marekani. Baba yake alikuwa muuza baa. Mama yake, Kate, alizaa watoto 8 wakapona 2 tu: George na mdogo wake wa kike, Mamie. Baba kaunta kutwa nzima, mama afya mgogoro, dogo akawa analelewa na mitaa ya karibu na bandari. Akiwa na miaka 7 tayari alikuwa mtoro wa shule, anatafuna tumbaku na anajua pombe ina ladha gani. Juni 13, 1902 wazazi wakanyoosha mikono. Wakampeleka St. Mary's, shule ya ufundi ya wavulana iliyokuwa chini ya mabruda wa Kikatoliki wa shirika la Xavier, mahali ambapo yatima, wezi wadogo na watoto wa maskini waliishi pamoja kwa ratiba ya kengele.

Hata umri wake ulikuwa na kichekesho. Kwa miaka mingi Ruth aliamini kazaliwa 1894. Mwaka 1934, alipotakiwa kutoa cheti cha kuzaliwa ili apate pasipoti, ndipo akakuta ana umri pungufu kwa mwaka mmoja. Mashabiki wa soka wamezoea makaratasi yanayomfanya mchezaji kuwa mdogo kuliko alivyo. Yeye alijizeesha bila kujua.

Pale St. Mary's mabruda walimkuta anatumia mkono wa kushoto, wakamlazimisha kuandika kwa wa kulia, na akaandika hivyo maisha yake yote. Kwenye karakana walimfundisha kushona mashati. Wageni wa kumtembelea walikuwa adimu. Aliwahi kurudishwa nyumbani mara kadhaa, lakini kila mara mambo yakaharibika na akarudi tena kwenye lile geti.

Mtu aliyembadilisha alikuwa Bruda Matthias Boutlier, mzaliwa wa Nova Scotia, Kanada. Kazi yake ilikuwa nidhamu, na kwa umbo lake hakuhitaji kupaza sauti: alikuwa anakaribia mita 2, mwili kama mlango wa ghala. Wavulana watundu kuliko wote shuleni walinyamaza akipita. Ila akiingia uwanjani, ile sura ya askari iliyeyuka. Inasimuliwa kuwa alikuwa akirusha mpira juu kidogo, kisha anaugonga kwa rungu alilolishika kwa mkono mmoja, na mpira unapaa mpaka mwisho wa uwanja huku watoto wakigombea kuudaka.

Ruth aliduwaa. Akaanza kumuiga bruda kila kitu: namna ya kushika rungu, namna ya kulizungusha kutoka chini kwenda juu wakati wapigaji wengi wa enzi hizo walikuwa wakiusukuma tu mpira uangukie sehemu yenye nafasi, hadi mwendo wake wa hatua fupi fupi na vidole vya miguu vimeelekea ndani. Miaka mingi baadaye, maelfu ya watu walipoucheka ule mwendo wa ajabu wa Ruth akizunguka uwanja, walikuwa wanamtazama Bruda Matthias bila kujua.

Mazoezi hayakuwa ya starehe. Ruth alianza kama mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Shule ilikuwa na glavu za watu wa mkono wa kulia tu, kwa hiyo alidaka kwa kushoto, akavua glavu haraka, akarusha kwa kushoto huko huko. Kisha siku moja, kama hadithi ya shule inavyosimulia, mrushaji wa timu yao alikuwa anapigwa vibaya na Ruth akawa anamcheka. Bruda akamwambia basi aende akarushe yeye. Ilikuwa adhabu. Dogo akaenda, akarusha, wapigaji wakaanza kukosa mpira mmoja baada ya mwingine.

Kwa asiyeujua mchezo huo, mrushaji ni kama kipa na kiungo mkabaji kwa pamoja: yeye ndiye anayewazuia wapinzani wasipate bao. Mpigaji naye akifanikiwa kuupeleka mpira nje ya uzio, anazunguka vituo vyote 4 na bao linahesabiwa bila ubishi. Pigo hilo huitwa homurani, na wakati ule lilikuwa kitu cha nadra.

Februari 1914, Jack Dunn, bosi wa timu ya Baltimore Orioles iliyokuwa daraja la chini, akafika shuleni na kumsajili kwa dola 600 kwa msimu. Kwa kuwa Ruth hakuwa ametimiza umri wa kujitegemea kisheria, Dunn alibeba pia dhamana ya ulezi. Wakongwe wa timu wakamwona kijana mkubwa, mshamba wa dunia, anamfuata bosi kila aendako, wakaanza kumwita mtoto wa Dunn. Hapo ndipo lilipotoka jina la Babe.

Dunn hakukaa naye. Pesa zilikata, na Julai mwaka huo huo akamuuza Boston Red Sox. Julai 11, 1914, miezi 5 tu tangu atoke karakana ya mashati, Ruth alirusha mechi yake ya kwanza ya ligi kuu na kushinda 4-3 dhidi ya Cleveland. Mwaka 1916 alishinda mechi 23, na katika 9 hakuruhusu bao hata moja. Kwenye fainali za mwaka huo dhidi ya Brooklyn alirusha zamu zote 14, badala ya 9 za kawaida, na Boston wakashinda 2-1. Kipa wa namna hiyo hakuna kocha ambaye angethubutu kumgusa.

Boston walithubutu. Kuanzia 1918 walianza kumpanga pia kama mpigaji wa kila siku, na mwaka 1919 akapiga homurani 29, rekodi mpya ya msimu mmoja. Ni sawa na kumtoa golini kipa bora wa ligi, kumpeleka namba 9, halafu akachukua kiatu cha dhahabu. Mwisho wa mwaka huo mmiliki wa Boston, Harry Frazee, akamuuza New York Yankees kwa dola 100,000 na mkopo juu yake. Boston, waliokuwa wametwaa ubingwa 1915, 1916 na 1918 wakiwa naye, hawakuugusa tena hadi 2004. Mashabiki wao waliita laana.

Kilichofuata New York kinajulikana. Homurani 54 mwaka 1920, nyingi kuliko za kila timu nyingine ya ligi yake ukiitoa Yankees yenyewe. Mwaka 1921 zikawa 59, na 1927 zikafika 60. Uwanja wa Yankee Stadium ulipofunguliwa Aprili 18, 1923, homurani ya kwanza ilikuwa ya kwake. Ubingwa akachukua 1923, 1927, 1928 na 1932.

Mkwanja ulipoingia, ule utukutu wa bandarini ulirudi kwa mavazi mapya. Ruth alikula, akanywa na kukesha kama mtu anayelipiza kisasi kwa miaka ya kengele. Mwaka 1925 mwili ukagoma, akafanyiwa upasuaji, na baadaye kocha Miller Huggins akamsimamisha na kumpiga faini ya dola 5,000. Ilibidi ajifungie jimu kipindi cha baridi ili arudi kuwa mchezaji.

Lakini St. Mary's hakuisahau, na hapa wanaomkumbuka kwa ulevi tu wanamwonea. Moto ulipoteketeza jengo kuu la shule mwaka 1919, yeye aliichukua bendi ya wavulana wa shule msimu uliofuata, wakasafiri na Yankees mji kwa mji wakipiga muziki uwanjani na kuchangisha fedha za ujenzi. Bruda Matthias alimnunulia gari aina ya Cadillac. Gari likazimika juu ya reli, treni ikalisaga. Ruth akanunua jingine.

Kitu kimoja alikitaka na hakukipata: kuwa kocha mkuu. Aliomba Yankees, akanyimwa. Wakampa ofa ya kufundisha timu yao ya daraja la chini huko Newark, akaona ni dharau, akakataa. Wakubwa waliangalia usiku wake, wakaogopa kumkabidhi vijana. Huenda walikuwa na sababu, ila Huggins aliyemhangaikia naye kwa miaka hakuwahi kuwa na robo ya kipaji chake cha kuusoma mchezo. Ruth alimalizia Boston Braves mwaka 1935, akapiga homurani 3 katika mechi moja mjini Pittsburgh Mei 25, na siku chache baadaye akatundika viatu akiwa na jumla ya 714. Rekodi hiyo ilisimama hadi Hank Aaron alipoivuka Aprili 1974. Mwaka 1938 Brooklyn Dodgers walimchukua kama kocha msaidizi wa pembeni ya kituo cha kwanza. Alikaa msimu huo mmoja tu.

Saratani ilimkamata sehemu ya nyuma ya pua na koo, ikamharibu sauti. Hata hivyo mwaka 1947, amekonda na sauti inakwaruza, alikubali kazi ya kuzunguka Marekani kukutana na vijana wa ligi ya besiboli ya American Legion, kwa malipo ya kampuni ya Ford. Ndiyo kazi iliyokaribia zaidi ile ya Bruda Matthias. Alifariki New York Agosti 16, 1948, akiwa na miaka 53. Jeneza liliwekwa Yankee Stadium na makumi ya maelfu ya watu wakapanga foleni kulipita.

Shule ya St. Mary's ilifungwa mwaka 1950. Mwaka uliofuata, huko New Jersey, ilianzishwa ligi ya vijana wa miaka 13 hadi 15, na mwaka 1953, kwa ridhaa ya mjane wake Claire, ikapewa jina la Babe Ruth. Mwaka 1984 ligi hiyo ikafungua pia upande wa softiboli, na wasichana nao wakaanza kuvaa jezi zenye jina lake.