Kandt, daktari aliyeifanya Kigali kuwa mji

Sisi wa Rugerero, hasa wanaovuka barieri ndogo kila asubuhi kwenda Goma, Kigali tunakwenda kwa shughuli tu, tunarudi. Safari ijayo piteni Nyarugenge, kwenye Nyumba ya Kandt, ambayo ni makumbusho. Mimi niliyesomea ukimbizini, Kongo, nilifundishwa habari za Stanley na mfalme Leopold. Jina la Kandt nililikuta baada ya kurudi.

Richard Kandt alizaliwa mwaka 1867 mjini Posen, ambao leo ni Poznań, Poland, katika ukoo wa wafanyabiashara Wayahudi. Alisomea udaktari, akatibu wagonjwa wa akili, kisha akaja Afrika kutafuta chanzo cha Nile. Mwaka 1898 aliufuata mto Rukarara hadi msitu wa Nyungwe, akatangaza kuwa ndipo. Baadaye alijenga Shangi, kusini mwa Kivu, akalipima ziwa letu na kulichora kwenye ramani.

Ramani ni kitu cha hatari. Mwaka 1910 Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walikutana Brussels wakakata mpaka: Gisenyi huku, Goma na kisiwa cha Ijwi kule. Mfalme Musinga hakualikwa. Foleni tunayopanga leo ilianzia pale.

Mwaka 1907 Kandt alikuwa Rezidenti, mwakilishi wa serikali ya Ujerumani nchini Rwanda. Alichagua Kigali kwa kuwa ipo katikati ya nchi na njia zinakutana hapo. Wahindi, Waarabu na Waswahili wa pwani wakafuata na maduka yao, na Kiswahili nacho kikaingia sokoni. Wanaomwita mwanzilishi wa Kigali naona wanampa kikubwa mno, maana mlima ule ulikuwa na jina na watu wake kabla hajazaliwa. Alichoanzisha ni boma na biashara.

Wengine husema alikuwa mpole, rafiki wa Musinga. Labda. Lakini mwaka 1912, yeye akiwa hayupo, naibu wake alitumia moto na bunduki kaskazini kuwakomesha wafuasi wa Ndungutse. Serikali ilikuwa ni ile ile.

Mwisho wa 1913 alikwenda likizo Ujerumani. Vita vilipozuka akawa daktari wa jeshi, akadhurika kwa gesi ya sumu. Alifia Nuremberg tarehe 29 Aprili 1918, na Kigali yake ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji tangu 1916.