Henri Suso: mtoto wa ukoo wa von Berg aliyechukua jina la mama



Kwenye cheti changu cha ubatizo nimeandikwa kwa jina la ukoo wa mama yangu. Sababu zake ni za nyumbani kwetu, tuziache huko. Ila tangu mafundisho ya Kipaimara nimeulizwa swali lilelile mara nyingi mno: mbona hutumii jina la baba? Basi nilipokuwa natafuta mtu wa kuandika kwa ajili ya mwezi Januari, nikakutana na mtawa mmoja Mjerumani wa miaka ya 1300 aliyeweka pembeni jina la baba, tena jina la kiungwana, akajiita kwa jina la mama. Nilisoma habari zake hadi saa nane za usiku.

Ni Mwenyeheri Heinrich Seuse. Kwa Kilatini anaitwa Suso, na wengi wetu tunamfahamu kama Henri Suso. Alizaliwa karibu mwaka 1295, tarehe 21 Machi, pembeni ya ziwa Bodensee, lile ziwa kubwa ambalo leo liko mpakani mwa Ujerumani, Uswisi na Austria. Nyumbani kwao ni mji wa Konstanz.

Baba yake alitoka ukoo wa von Berg. Kwa Kiswahili tungesema ni watu wa Mlimani. Koo za namna hiyo zilikuwa nyingi kusini mwa Ujerumani, na ukoo ulichukua jina la mahali au la ngome yake. Wanaume wao waliitwa Ritter, yaani askari wa farasi. Wengi wao mababu zao walianza kama watumishi tu wa askofu au wa kabaila mkubwa: walipewa ardhi ya kuishi, nao wakaahidi kupigana vita vyake. Vizazi vikapita, utumishi ukageuka uungwana. Wakachora nembo kwenye ngao zao, wakarithishana nembo na ardhi, na mtoto wa kiume akakua akijua kwamba siku moja atapewa upanga. Kuliacha jina la ukoo kama huo haikuwa jambo dogo. Jina ndilo lililokuwa kitambulisho chako, cheti chako na akaunti yako ya benki.

Mama yake alitoka ukoo wa Sus, wa mji wa Überlingen, ng'ambo ya ziwa. Ndoa yao ilikuwa ngumu. Baba alipenda dunia, mama alimpenda Mungu, na huyo baba alimpinga mkewe waziwazi katika mambo ya sala. Mama aliteseka kimya. Alijifunza kuyaunganisha maumivu yake na Mateso ya Bwana, na inasemekana alikaa miaka 30 bila kuhudhuria Misa hata moja asitoe machozi. Kifo chake ndicho kilichonigusa zaidi. Mwanzoni mwa Kwaresima alisimama kanisani mbele ya sanamu ya Yesu akishushwa msalabani, akaingiwa na uchungu wa Mama Maria kiasi kwamba alirudishwa nyumbani mgonjwa. Akalala kitandani Kwaresima yote. Akafariki Ijumaa Kuu, saa ambayo Mateso yalikuwa yakisomwa kanisani.

Sasa mnaelewa kwa nini mwana alichukua jina la huyu. Lakini msimchukie baba haraka. Heinrich alisimulia kwamba baada ya kufa baba alimtokea, akamwonyesha mateso yake toharani, akaomba msaada. Mtoto akamwombea, na baadaye akamwona tena akiwa amefunguliwa. Kwa hiyo jina la baba aliliacha, ila baba mwenyewe hakumwacha.

Turudi utotoni. Akiwa na miaka 13 aliingia kwa Wadominiko wa Konstanz. Konventi yao ilikuwa kwenye kisiwa kidogo ziwani, hatua chache tu kutoka mjini. (Jengo bado lipo, siku hizi ni hoteli.) Kanuni ilitaka mtu afikishe miaka 15, na wazazi wake walikuwa wameitolea konventi mali. Hapo ndipo shida ilipozaliwa. Alipokua akaanza kujiuliza: je, nilipokelewa kwa sababu ya wito au kwa sababu ya fedha za wazazi? Kununua mambo matakatifu ni dhambi ya simonia, na yeye akajiona amekwisha hukumiwa. Mawazo hayo yalimtesa miaka kumi. Nani kati yetu hajawahi kukaa na wasiwasi wa namna hii, dhambi ambayo huna hakika hata kama ni dhambi, na unaogopa kumwambia padre? Aliyemfungua ni Meister Eckhart, mwalimu maarufu wa Wadominiko. Heinrich alikwenda akamweleza yote, na mzigo ukaondoka.

Miaka mitano ya mwanzo utawani aliishi vuguvugu. Alivaa kanzu, alisali masifu na wenzake, basi. Alipofikisha miaka 18 moyo wake ukageuka, na hapa damu ya von Berg ikaonekana. Vijana wa koo za kiungwana walikuwa na desturi ya kumtumikia bibi mmoja mtukufu: kumtungia nyimbo, kupigana kwa heshima yake, kuvaa alama yake. Heinrich aliposikia mezani yakisomwa maneno ya vitabu vya Solomoni juu ya Hekima, akaamua huyo ndiye bibi yake. Na Hekima ya Milele kwake ni Kristo mwenyewe. Huko kwao, usiku wa Mwaka Mpya vijana walikwenda kuimba nje ya nyumba za wapenzi wao wakiomba wapewe taji la maua. Yeye alikwenda mbele ya sanamu ya Bikira Maria akiwa na Mtoto, akaomba taji lake pale.

Halafu akafanya jambo ambalo, jamani, tafadhali asilijaribu mtu. Alichukua kalamu ya chuma akachora herufi IHS kwenye ngozi ya kifua, juu ya moyo, hadi damu ikatiririka. Ni zile herufi tunazoziona kwenye vitambaa vya altare na kwenye hostia, kifupi cha jina la Yesu kwa Kigiriki. Kovu likabaki. Aliendelea na mafungo na mateso makali ya mwili kwa miaka 22, mpaka afya ikaharibika kabisa. Mimi sipendi blogu zinazoishia hapa, kana kwamba kujiumiza ndiko kuliko mfanya mwenyeheri. Yeye mwenyewe baadaye alimkataza mwanafunzi wake, sista Elsbeth Stagel wa monasteri ya Töss, asimwige. Elsbeth akapata njia iliyo bora: akatarizi IHS kwa hariri nyekundu kwenye vitambaa, Suso akaviweka juu ya moyo wake, kisha wakavipeleka kwa watu waliokuwa chini ya malezi yake ya kiroho. Ni huyohuyo sista aliyekuwa akiandika kwa siri kila alichosimuliwa. Suso alipogundua akachukua karatasi akachoma sehemu. Zilizosalia ndizo zilizozaa kitabu cha maisha yake, ambacho hakimtaji kwa jina, kinamwita tu Mtumishi.

Alipokaribia miaka 40 akaelewa kwamba Mungu anamtaka aache. Vyombo vyote vya kujitesa akavitupa mtoni.

Alidhani sasa atapumzika. Siku moja, amekaa kwenye chumba chake, akaona katika njozi kijana mzuri amemletea viatu na mavazi ya askari wa farasi. Akaambiwa kwamba mpaka siku hiyo alikuwa mbeba silaha tu, sasa Mungu anamfanya askari kamili. Mtoto wa ukoo wa von Berg akashangaa: kumbe miaka yote ile haikuwa vita? Kisha akachungulia dirishani, akaona mbwa uani ana tambara la kufutia miguu. Analitupa juu, analikamata, analichanachana. Akaelewa kwamba hivyo ndivyo atakavyofanywa na midomo ya watu. Tambara lenyewe linanyamaza. Akashuka akaliokota, akalitunza miaka mingi kama johari.

Na kweli midomo ikaja. Kwanza ilikuwa juu ya vitabu vyake. Baadhi ya mafundisho ya Eckhart yalihukumiwa na Papa mwaka 1329, na Suso, ambaye alikuwa ameandika kumtetea mwalimu wake, akaitwa mbele ya wakuu wa shirika kujibu tuhuma za mafundisho mabaya. Safari nyingine alishukiwa katika mji mmoja kwamba ametia sumu visima. Alijificha kichakani usiku kucha mpaka padre mmoja maskini akamwokoa. Msicheke: ni uongo huohuo uliosababisha Wayahudi wengi wa miji ya Ujerumani kuuawa miaka ya 1348 na 1349, nao hawakupata padre wa kuwatoa kichakani.

Lakini pigo kubwa lilitoka kwa mtu aliyemsaidia. Kulikuwa na mwanamke aliyekuja kwake akisema anataka kutubu, na Suso akamtafutia msaada wa kuishi. Alipogundua kwamba anadanganywa na maisha ya zamani yanaendelea, akausitisha. Mwanamke akazaa mtoto, akatangaza kwamba baba ni Padre Heinrich.

Hebu fikirieni habari kama hiyo ingekuwa leo, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Mimi niliwahi kusemwa nimekula michango ya kwaya, shilingi elfu arobaini tu, na hadi daftari la mapato linapatikana nilikuwa nimeacha kwenda mazoezi. Suso alisemwa mji mzima. Marafiki zake wa kiroho, watu aliowaamini kabisa, wakamgeuka. Akaja mwanamke mwingine kwa siri, akajitolea kummaliza yule mtoto ili maneno yaishe. Suso akakataa kwa hofu kuu. Akaomba aletewe mtoto.

Alimpakata kifuani, palepale penye kovu la IHS. Mtoto akamtazama, akatabasamu. Suso akalia sana. Akambariki, akampa chakula, akaahidi kumtunza kana kwamba ni wake, na gharama zake akazilipa. Alijua vizuri watu watasema nini: asiye baba anatunza mtoto wa nini? Mwanamume wa ukoo wa askari angepaswa kutetea jina lake kwa upanga. Yeye hakuwa tena na jina la kutetea, na pale mapajani kulikuwa na mtoto asiye na jina kabisa.

Wakuu wa shirika walichunguza, hawakumkuta na kosa.

Kuna tukio jingine la ukoo wake ambalo sitaki kulipita. Dada yake naye alikuwa mtawa. Heinrich akiwa mbali, dada akaingia kwenye kampani mbaya, akaanguka, akatoroka monasteri. Kwa familia za aina yao hiyo ilikuwa aibu isiyotamkwa. Kaka akarudi, akasikia, akatoka kumtafuta peke yake kwenye baridi na mvua, akatumbukia kwenye kijito njiani. Alimkuta kwenye kibanda cha watu. Alizimia alipomwona. Alipozinduka hakumkaripia, alimkumbatia, akamrudisha kwenye maisha ya utawa, na dada akamaliza siku zake vizuri.

Kabla ya hayo ya mtoto alikuwa pia amekula uhamisho. Kaisari Ludwig wa Bavaria aligombana na Papa, Wadominiko wa Konstanz wakakataa kuadhimisha ibada zilizokuwa zimekatazwa na Kanisa, wakafukuzwa mwaka 1339. Walirudi 1346. Karibu mwaka 1348 akahamishiwa Ulm, na huko ndiko alikofia, tarehe 25 Januari 1366.

Kuna safari moja ya mashua aliyoisimulia, nayo naiweka mwisho kwa kuwa naipenda. Alikuwa anavuka Bodensee, pembeni yake ameketi kijana mmoja mwenye mavazi ya fahari. Suso akamuuliza kazi yake. Kijana akajibu kwamba anawakusanya waungwana kwa mashindano ya mikuki, na anayeshinda hupewa pete. Suso akataka kujua pete inapatikanaje. Akaelezwa kwamba ni kwa kustahimili mapigo bila kuondoka uwanjani, hata ukivuja damu, hata ukitaka kulia, maana ukilia watakucheka. Yule padre wa ukoo wa von Berg akageuka upande wa maji. Akaugua moyoni, akamwomba Bwana naye apewe pete yake.

Papa Gregori XVI alithibitisha heshima yake kama mwenyeheri mwaka 1831. Wadominiko wanamkumbuka tarehe 23 Januari, na kwenye kalenda ameandikwa kwa jina la mama. Siku hiyo mimi nitaomba Misa kwa ajili ya mama yangu. Na ya pili kwa ajili ya baba.

Mwenyeheri Henri Suso, utuombee.